Mgeni katika mpunga wa Morogoro: jinsi herufi milioni 5 zilivyomuumbua

Inaanza na ncha ya jani. Ukingo unakuwa wa njano, kisha njano inashuka kwa mawimbi kuelekea shinani, na baada ya siku kadhaa jani zima lina rangi ya nyasi kavu. Mkulima anasema shamba lina njaa ya mbolea. Jirani yake anasema hiyo ni kimyanga. Muuza pembejeo naye anasema dawa ipo.

Wote watatu wanaweza kuwa wamekosea.

Mwaka 2019 mashamba ya mpunga ya eneo la Dakawa, mkoani Morogoro, yalionyesha dalili za namna hiyo kwa kiwango kilichowashtua wataalamu. Kwa macho, ulikuwa ugonjwa wa bakteria wa kukausha majani ya mpunga, ambao wataalamu huuita kwa kifupi BLB. Afrika inaujua ugonjwa huu tangu miaka ya 1970. Kwa hiyo mtu angeweza kusema: ni ule ule wa siku zote, tuendelee na kazi.

Haukuwa ule ule. Bakteria waliokusanywa shambani waliposomwa vinasaba vyao, herufi kwa herufi, ilibainika kuwa ukoo wao hauko Afrika. Ndugu zao wa karibu wako kusini mwa China. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2023 katika jarida la kisayansi la eLife, na watafiti wenyewe walisema mlipuko wa namna hiyo haukuwahi kuonekana kabla.

Hiyo ni habari kubwa kwa anayelima mpunga Kilosa, Mikumi au kokote jirani. Na kuielewa kunahitaji kujua jambo moja: kusoma vinasaba vya bakteria ni nini hasa, na kwa nini kuzisoma herufi peke yake hakutoshi.

Kwa nini Kilosa na Mikumi wasikilize

Dakawa iko wilaya ya Mvomero, kando ya barabara ya Morogoro kwenda Dodoma. Ukiendelea mbele kidogo unafika Dumila, na hapo unakata kushoto kupitia Rudewa hadi Kilosa mjini. Kutoka Kilosa kuna barabara inayoshuka kupitia Ulaya hadi Mikumi. Na Mikumi ndiyo njia panda ya kuingia Kidatu, Ifakara na bonde la Kilombero, moja ya mabonde makubwa ya mpunga nchini.

Yaani gunia la mbegu likipakiwa Dakawa asubuhi, jioni linaweza kuwa Kilombero, na njiani limepita Kilosa yote.

Maji nayo yana hadithi yake. Mto Mkondoa unaopita Kilosa hushuka kwenye bonde la Wami, na Wami ndio unaomwagilia mashamba ya Dakawa. Kwa maji, basi, Kilosa iko juu na Dakawa iko chini. Bakteria hawapandi mlima kwa kuogelea. Lakini kwa lori, bodaboda na mfuko wa rambo wenye mbegu za kuazima, hakuna juu wala chini.

Kuna sababu nyingine. Kilosa ni wilaya ya mbegu. Kuna kituo cha utafiti cha TARI Ilonga, na kuna mashamba ya Wakala wa Mbegu za Kilimo (ASA) ya Msimba na Kilangali. Mbegu inayozalishwa wilaya hii huliwa na kupandwa mbali sana na wilaya hii. Eneo la namna hiyo lina sababu ya kutaka kujua ni ugonjwa gani uko kwa jirani.

Njano moja, magonjwa tofauti

Shida ya kwanza ni kwamba mpunga una njia chache za kulalamika. Ukikosa naitrojeni, unakuwa njano. Ukipata kimyanga, ambacho husababishwa na virusi na kusambazwa na wadudu aina ya mbawakavu, unakuwa njano na kudumaa. Ukipata BLB, unakuwa njano pia.

Mwenye jicho zuri anaweza kutofautisha. Njaa ya mbolea huanza na majani ya chini yaliyozeeka, na mara nyingi hushika shamba zima kwa usawa. Kimyanga huleta mabaka na mistari ya njano, na mimea inabaki mifupi. BLB huanzia nchani au pembeni mwa jani, na mpaka kati ya sehemu iliyokauka na ya kijani una mawimbi.

Kuna kipimo cha shamba kisichohitaji maabara. Kata jani lenye dalili mpya, weka upande uliokatwa ndani ya glasi ya maji safi, subiri dakika chache. Likitoa uzi mweupe kama maziwa unaoshuka majini, hao ni bakteria wanaomiminika kutoka kwenye mishipa ya jani.

Kipimo hicho kinakwambia kuwa ni bakteria. Hakikwambii ni bakteria wa ukoo gani. Hapo ndipo glasi inaishia na maabara inaanza.

Kutoka jani hadi herufi

Bakteria wa BLB anaitwa Xanthomonas oryzae. Sehemu ya kwanza ya jina inatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya njano, kwa sababu akioteshwa maabara hutoa vidoa vya njano vinavyong'aa.

Kazi huanza kwa kukata kipande cha jani pale ugonjwa unapopakana na sehemu nzima. Kipande kinasafishwa juu ili kuondoa vijidudu vingine, kinasagwa kwenye maji safi, kisha maji hayo yanapakwa kwenye sahani yenye chakula cha bakteria. Baada ya siku chache vidoa vinaota. Mtaalamu anachukua kidoa kimoja tu na kukiotesha upya, ili awe na uhakika kwamba wote waliobaki ni uzao mmoja.

Kisha bakteria wanapasuliwa kwa kemikali na vinasaba vyao, yaani DNA, vinatolewa na kusafishwa. Ndani ya chupa ndogo vinaonekana kama ute mweupe. Ndani ya ute huo ndimo yalimo maelekezo yote ya namna ya kuwa bakteria: namna ya kula, kuogelea, kujificha na kushambulia. Maelekezo hayo yote kwa pamoja ndiyo jenomu.

Lugha ya jenomu ina herufi nne tu: A, C, G na T. Jenomu ya Xanthomonas oryzae ina takribani herufi milioni 5 zilizopangwa katika duara moja. Mpunga wenyewe una takribani milioni 389, na binadamu ana zaidi ya bilioni 3.

Ukiziandika herufi zote za bakteria huyu kama ujumbe wa kawaida, faili lake litakuwa na ukubwa wa MB 5 hivi. Ni sawa na wimbo mmoja kwenye simu. Maelekezo yote ya kuangamiza jaruba zima la mpunga yanaingia kwenye simu ya kawaida na nafasi inabaki.

Mashine za kusoma herufi hizo ni za aina mbalimbali. Zipo zinazosoma vipande vifupi vya herufi mia chache, lakini kwa usahihi mkubwa. Zipo zinazosoma vipande virefu vya maelfu ya herufi. Moja ya hizi za pili, iitwayo MinION, inaenea kiganjani na huchomekwa kwenye kompyuta kwa waya wa USB. Uzi wa DNA unapitishwa kwenye tundu dogo sana lenye mkondo wa umeme. Kila herufi inapopita, mkondo unabadilika kidogo, na mabadiliko hayo ndiyo yanayosomwa.

Kifaa hiki si kigeni Afrika Mashariki. Watafiti wa mihogo kutoka Tanzania, Kenya na Uganda walishakitumia kutambua virusi vya mihogo karibu kabisa na shamba, na matokeo yakachapishwa mwaka 2019.

Kusoma si kuelewa

Hapa ndipo watu wengi hupotea. Wanadhani mashine ikimaliza kusoma, kazi imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza inaanza.

Kwanza, mashine haitoi kitabu kizima. Inatoa mamilioni ya vipande vilivyochanganyika, na kompyuta inapaswa kuviunga kwa kutafuta vinavyofanana mwishoni na mwanzoni. Ni kama kitabu kilichochanwa na watoto, kisha ukapewa nakala 50 zilizochanwa kila moja kivyake.

Pili, ukishaviunga, unapata mstari mmoja wa herufi milioni 5 usio na nafasi, nukta wala aya. Hakuna palipoandikwa "silaha inaanzia hapa". Kazi ya kutafuta kila sentensi inaanzia wapi, inaishia wapi na ina maana gani ndiyo kuifafanua jenomu. Ni kama kuweka lebo kwenye kila swichi ya nyumba uliyohamia jana.

Mfano wa Kiswahili unasaidia. Chukua herufi hizi: UJIULEUPO. Jenomu husomwa kwa mafungu ya herufi tatu tatu. Ukianza na herufi ya kwanza unapata: UJI ULE UPO. Inaeleweka, uji upo. Lakini ukianza na herufi ya pili unapata: JIU LEU PO. Hakuna kitu hapo. Kwa hiyo kujua mahali sahihi pa kuanzia ni jambo la kufa na kupona.

Bakteria huacha alama. Maelekezo ya kutengeneza protini moja, yaani jeni, mara nyingi huanza na ATG na huishia na TAA, TAG au TGA. Programu za kompyuta hutafuta alama hizo, kisha hulinganisha kila jeni na mamilioni ya jeni zilizokwishahifadhiwa kwenye hazina za kimataifa. Ikifanana na jeni ya kujenga mkia wa kuogelea, inapewa lebo hiyo. Ikifanana na jeni ya kustahimili dawa, inapewa lebo hiyo.

Wanasayansi wa Korea Kusini walipochapisha jenomu kamili ya kwanza ya bakteria huyu mwaka 2005, walihesabu jeni zaidi ya 4,600. Sehemu kubwa ya jeni za bakteria wa namna hii hupewa lebo isemayo, kwa lugha nyepesi: protini ipo, kazi yake haijulikani.

Na lebo inaweza kuwa ya uongo. Programu moja ikikosea, inayofuata hunakili kosa, na baada ya miaka kosa linakuwa ukweli wa kwenye kompyuta. Ndiyo maana jeni muhimu lazima zipitiwe na mtu, na hatimaye zijaribiwe kwenye mmea halisi.

Kiitikio kinachochanganya kompyuta

Xanthomonas oryzae ana mtego wake. Silaha zake hatari zaidi ni kundi la protini ziitwazo TAL. Jeni za TAL zimejaa marudio: kipande cha herufi 102 kinachojirudia mara 10, 15, hata 20 na zaidi, kikitofautiana kidogo sana kila mara.

Fikiria wimbo wenye kiitikio kirefu. Ukiukata vipande vya sekunde mbili mbili kisha ukampa mtu auunge, beti ataziunga. Lakini kiitikio? Vipande vyote vinafanana. Hatajua kiliimbwa mara ngapi wala kipi kilitangulia.

Mashine zinazosoma vipande vifupi hupatwa na hilo. Zinatoa jenomu inayoonekana nzuri, ila sehemu za silaha zimekatika au zimeunganishwa vibaya. Anayesoma vipande virefu anapata kiitikio chote kwa mkupuo mmoja. Kwa bakteria huyu, basi, uchaguzi wa mashine unaamua kama silaha zitaonekana au hazitaonekana.

Na zikionekana, zinaweza kusomwa maana. Mwaka 2009 makundi mawili ya watafiti, moja Ujerumani na jingine Marekani, yalivunja siri ya TAL. Kila kipande kinachojirudia huitambua herufi moja ya vinasaba vya mmea. Ukijua mpangilio wa vipande, unaweza kukisia ni sehemu gani ya jenomu ya mpunga itakayoshambuliwa. Ni kama kutazama meno ya ufunguo na kujua ni wa mlango upi.

Ghala la sukari na funguo zake

Mlango wenyewe ni upi? Ni sukari.

Mpunga una jeni ziitwazo SWEET. Kazi yake ni kutengeneza milango midogo ya kupitisha sukari kutoka seli moja hadi nyingine. Mmea huifungua unapohitaji, kwa mfano wakati wa kulisha punje.

Bakteria wa BLB huingia kwenye jani kupitia vidonda au matundu madogo ya ukingoni yanayotoa maji asubuhi. Akishafika kwenye mishipa, anadunga protini za TAL ndani ya seli za mmea. TAL inakwenda hadi kwenye vinasaba vya mpunga, inakaa mbele ya jeni ya SWEET na kuiwasha. Mlango unafunguka, sukari inamwagika, bakteria anakula na kuzaana. Mmea umelazimishwa kumlisha adui yake.

Jeni za SWEET zinazotumiwa hivyo ni tatu hasa: SWEET11a, SWEET13 na SWEET14. Na hapa kuna tofauti ya mabara. Bakteria wa asili ya Afrika wana TAL chache, kama 9, na ufunguo wao ni wa SWEET14. Wa Asia wana TAL nyingi zaidi, na baadhi yao hubeba ufunguo wa SWEET11a, ambao ndugu zao wa Afrika hawana.

Mgeni alivyoumbuka

Jenomu za bakteria wa Tanzania zilipofafanuliwa, vitu viwili vilijitokeza.

Cha kwanza, walikuwa na ufunguo wa SWEET11a. Huo ni wa Asia.

Cha pili ni hadithi nzuri zaidi, kwa sababu inahusu lebo iliyokosewa. Ndani ya jenomu za bakteria wa Asia kulikuwa na jeni za TAL zilizokatika, fupi, zisizoonekana kuwa na uwezo wa kuwasha chochote. Kwa miaka zilichukuliwa kuwa jeni mbovu, vyuma chakavu vilivyoachwa na mageuzi. Lebo ikaandikwa hivyo, watu wakapita.

Mwaka 2016 tafiti zikaonyesha kwamba vyuma chakavu hivyo ni silaha. Kazi yake ni kumziba mlinzi. Baadhi ya mipunga ina jeni ya kinga iitwayo Xa1, ambayo huzitambua TAL na kuamsha ulinzi wa mmea. TAL hizi fupi humzuia Xa1 asifanye kazi. Adui anapita mbele ya mlinzi aliyefungwa kitambaa machoni.

Bakteria wa asili ya Afrika hawana silaha hiyo. Wa Dakawa wanayo.

Maana yake kwa vitendo ni hii. Mtafiti anayetaka mpunga unaovumilia BLB Afrika angeweza kuitegemea Xa1, kwa sababu dhidi ya bakteria wa Afrika inafanya kazi. Angetumia miaka ya kuchanganya mbegu, akaisambaza, mkulima akainunua, na mgeni akaja kuimaliza msimu wa kwanza. Jani lisingemwonya. Glasi ya maji isingemwonya. Kilichoonya ni jeni fupi iliyosomwa kwa usahihi na kupewa lebo sahihi.

Watafiti waliangalia pia kama mipunga inayolimwa Afrika ina kinga nyingine dhidi ya mgeni huyu. Jibu halikufurahisha: haikuonekana kinga ya kutosha.

Jenomu ina mipaka yake, hata hivyo. Inaonyesha ukoo, haionyeshi tiketi ya safari. Inasema bakteria hawa ni ndugu wa bakteria wa kusini mwa China. Haisemi nani aliwaleta, lini, wala ndani ya nini. Anayetumia matokeo haya kumnyooshea kidole mtu au kampuni anasoma kisichoandikwa.

Jina lake Komboka

Kuna mpunga uitwao Komboka. Uliidhinishwa Tanzania mwaka 2013, unazaa vizuri na una harufu ambayo walaji wa Afrika Mashariki wanaipenda. Jina linajieleza. Tatizo ni kwamba mbele ya BLB, Komboka haukomboki.

Watafiti hao hao wakauchukua Komboka na kujaribu njia ya kuhariri jeni. Hawakugusa milango ya sukari yenyewe, kwa sababu mmea unaihitaji. Walibadilisha tundu la ufunguo, yaani herufi chache zilizo mbele ya jeni tatu za SWEET, mahali ambapo TAL hukaa. Mmea unaendelea kufungua milango yake kama kawaida. Bakteria anakuja na ufunguo, unagoma kuingia.

Kwenye majaribio yaliyoripotiwa mwaka 2023, mimea hiyo ilihimili bakteria wa Asia, wa Afrika na wale wapya wa Tanzania. Hata hivyo matokeo ya majaribio si mbegu ya dukani. Kati ya hapo na shamba kuna vipimo, sheria na uamuzi wa nchi kuhusu mazao yaliyohaririwa jeni. Mkulima wa Kilosa asiache leo kwa kusubiri hiyo.

Lakini tazama mantiki. Matundu yaliyobadilishwa yalichaguliwa kwa kusoma funguo za bakteria. Kama funguo zingesomwa vibaya, yangezibwa matundu yasiyo yenyewe.

Kagera ilishaonyesha njia

Hii si mara ya kwanza kwa jenomu kusema kitu ambacho macho hayakukiona ukanda huu. Mnyauko bakteria wa migomba, unaosababishwa na ndugu wa bakteria huyu, ulilipuka Uganda mwaka 2001 na baadaye kuingia Kagera. Kila mahali dalili ni zile zile: majani yananyauka, ndizi zinaiva kabla ya wakati, ukikata shina unatoka ute wa njano.

Mwaka 2012 watafiti walilinganisha jenomu za bakteria kutoka nchi mbalimbali. Wakakuta makundi mawili. Wa Rwanda na Kongo walikuwa kundi moja, wa Uganda, Kenya na Tanzania kundi jingine. Kwa hiyo ugonjwa haukusambaa kama doa moja la mafuta kwenye kitambaa. Ulikuwa na zaidi ya njia moja ya kuingia, na anayetaka kuuzuia lazima alinde zaidi ya mlango mmoja.

Mkulima afanye nini sasa

Hakuna dawa ya kupulizia inayomponya mpunga ulioshikwa na BLB. Anayeuziwa chupa kwa ahadi hiyo anapoteza hela. Ugonjwa ukikuta mbegu dhaifu na hali ya joto na mvua za upepo, unaweza kuchukua sehemu kubwa ya mavuno, na ukishika miche michanga inaweza kufa kabisa. Kilichopo ni kumfanyia bakteria maisha yawe magumu.

Mbegu itoke mahali panapojulikana, iliyothibitishwa na taasisi ya ubora wa mbegu, TOSCI. Miche isihamishwe kutoka eneo lenye ugonjwa kwenda eneo safi, hata kama ni ya ndugu na ni ya bure.

Ncha za miche zisikatwe wakati wa kupandikiza. Kila kidonda ni mlango.

Urea isimwagwe kwa wingi kwa mkupuo mmoja. Naitrojeni nyingi huleta majani laini ambayo bakteria anayapenda. Igawanywe kwa awamu.

Maji yasitiririshwe kutoka jaruba lenye ugonjwa kwenda lenye afya pale inapowezekana. Watu wasipite katikati ya mpunga mgonjwa asubuhi kukiwa na umande, kwa sababu matone yaliyo juu ya majani yana bakteria. Baada ya mavuno, mabua na maotea yasiachwe yakawa makazi yake hadi msimu ujao.

Na la muhimu: dalili zikionekana, taarifa ifike kwa afisa ugani mapema, jani likiwa bado na sehemu ya kijani. Jani lililokauka kabisa halina msaada sana maabara. Afisa ugani ana njia ya kuifikisha sampuli TARI, SUA au Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA. Picha ya simu inasaidia kuanza mazungumzo, lakini haina vinasaba ndani yake.

Kila sampuli ina swali

Mwaka 2000 Brazil ilikuwa ya kwanza duniani kusoma jenomu yote ya bakteria anayeua mimea, yule anayeshambulia michungwa. Ilihitaji mtandao wa maabara nyingi za jimbo la São Paulo. Leo kazi ya kusoma herufi za bakteria mmoja inaweza kufanywa na timu ndogo kwa siku chache.

Kusoma kumekuwa rahisi. Kujua kila jeni inafanya nini ndiko bado kugumu, na hakuwezi kufanyika bila bakteria halisi kutoka mashamba halisi. Jenomu za Dakawa zipo kwa sababu kuna watu waliingia kwenye majaruba, wakakata majani na kuyafikisha maabara.

Kwa hiyo mtaalamu akisimama pembeni mwa shamba la Kilosa au Mikumi akiomba majani matatu ya njano, asionekane mtu wa kupoteza muda. Ndani ya majani hayo kuna herufi milioni 5, na swali moja ambalo jicho haliwezi kulijibu: huyu ni mwenyeji, au ni yule mgeni?